Maswali ya Wasomaji: Ludwigia nyekundu imejaa kwenye kikopo chake, naihamishaje?

Safari hii barua nyingi zimeangukia mmea mmoja, ludwigia nyekundu, ile ya mashina inayokua haraka kwenye tangi la samaki. Nimechukua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana ndo imebeba shida ya wengi, hizo zingine tutaenda nazo haraka haraka.

SWALI: Habari za kazi mshauri. Nina tangi la lita 60, samaki wadogo wadogo tu na konokono kidogo. Miezi mitatu iliyopita nilipata ludwigia nyekundu, ilikuja kwenye kikopo cha plastiki chenye matundu na ndani kuna ile sufi ya kijivu, nikaiweka hivo hivo na kikopo chake juu ya changarawe nikasema ikizoea ntaihamisha. Sasa imekua mpaka imefika juu ya maji ikalala, huko juu ni nyekundu nzuri kweli ila chini majani yameisha yote, mashina yamekuwa meusi na kila kifundo kimetoa nyuzi nyeupe kama mizizi. Nataka kuiweka kwenye chungu kikubwa lakini naogopa nikivuruga mizizi itakufa. Nitoe sufi au niache? Nihamishe yote kama ilivo? Udongo gani? Nielekeze taratibu maana naipenda sana. (Dada wa tangi la lita 60)

JIBU: Dada yangu, nianze na hofu yako maana ndo imekuchelewesha miezi mitatu. Hiyo mizizi ya kwenye kikopo haina uzito unaoupa. We unaifikiria kama mche wa nyanya, kwamba ukigusa mizizi vibaya unanyauka, na kwa nyanya ni kweli kwasababu maji yote yanapitia mizizini. Ludwigia yako imezama, maji yameizunguka pande zote, inanywa kwa majani, inanywa kwa shina, na hizo nyuzi nyeupe unazoziona kwenye vifundo ni mizizi mipya ambayo mmea umeshajitengenezea wenyewe huko juu, tayari kwa kupandwa. Yaani mmea wenyewe umeshahama, kilichobaki chini ni mabaki.

Kwaiyo kwa mimea ya mashina neno kuhamisha maana yake ni kukata. Hubebi kikopo kizima kukiingiza kwenye chungu kikubwa, unakata vichwa vizima vya juu unavipanda upya kimoja kimoja, alafu chini unaamua kama kuna cha kuokoa. Ukilielewa hili mengine yote yanakuwa rahisi.

Mi mwenyewe ludwigia yangu ya kwanza nilifanya kama wewe, niliiacha kwenye kikopo karibu miezi mitano kwasababu kilikaa vizuri na nikaona haina haja ya kusumbua, siku nakuja kuigusa shina lote likaachia chini likaelea, ndani ya ile sufi kulikuwa kumeoza mpaka panatoa harufu. Iliyonusurika ilikuwa vipande vya juu tu. Ndo maana nasema haraka: kile kikopo ni cha kusafiria, sio cha kukaa.

Nikueleze kwanini chini kumekuwa hivo, maana usipojua sababu utahamisha na ndani ya mwezi na nusu utarudi palepale. Kwenye kikopo mashina yamebanwa pamoja kama fagio. Mwanga unatoka juu, vichwa vikishafika juu vinatandaza majani na kuwafunika wa chini, jani la chini likikosa mwanga linakuwa halitengenezi chakula cha kujilisha hata lenyewe, mmea unalivua. Na kabla haujalivua unachota kwanza naitrojeni iliyokuwa ndani yake unaipeleka kwenye majani mapya juu, ndo maana linakuwa la njano kwanza alafu linakuwa kama plastiki nyembamba, linaanguka. Ongeza na kwamba katikati ya fungu maji hayapiti vizuri, uchafu unatulia pale, shina linaoza. Hakuna ugonjwa hapo dada, ni msongamano tu.

Sasa kazi yenyewe. Fanya siku unayobadilisha maji, toa kama nusu ya maji ya tangi ili mikono ifanye kazi kwa nafasi, na zima hita, kile kifaa cha kupasha maji, kabla ya kushusha maji, maana ikibaki nje ya maji huku inawaka inaweza kupasuka. Uwe na mkasi mkali. Nasisitiza mkali, sio ule wa karatasi uliochoka, kwasababu mkasi butu unaponda shina badala ya kulikata na pale palipopondeka ndo uozo unapoanzia. Watu wanaulizana sana kama ukate wima au mshazari, kwangu haina tofauti ya maana kwa mmea unaozama, mkasi mkali ndo wenye tofauti.

Kata kila shina pale ambapo bado majani ni mazima na shina lina nguvu, upate kipande cha sentimita 10 mpaka 15. Mkato upite chini kidogo ya kifundo, kifundo ni pale majani yanapotokea, kwasababu mizizi mipya inatokea hapo kwenye kifundo, sio kwenye ule urefu ulio wazi kati ya kifundo na kifundo. Ukiacha mkia mrefu chini ya kifundo cha mwisho huo mkia utaoza tu. Alafu ondoa majani ya vifundo viwili vitatu vya chini, yale yatakayozikwa, maana jani likizikwa linaoza na kuchafua udongo. Usiyachune kwa kuvuta kwenda chini, utachubua ngozi ya shina, yakate kwa mkasi na acha kikonyo kifupi cha jani pale, hicho kikonyo kitasaidia kushikilia kipande kisichomoke.

Zile nyuzi nyeupe kama ni ndefu sana zipunguze zibaki sentimita mbili hivi, kama ni fupi ziache.

Kuhusu chungu. Unaweza kupanda moja kwa moja kwenye changarawe ya tangi, lakini umesema unataka chungu na mi naunga mkono kwa tangi dogo, chungu unaweza kukisogeza, kukitoa nje ukasafisha, na mbolea inabaki ndani yake. Chukua cha udongo wa mfinyanzi kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, au hata bakuli la kioo. Upana ndo muhimu kuliko kina. Kina cha sentimita 7 mpaka 8 kinatosha kabisa, ila upana uwe wa kuruhusu kila shina kukaa mbali na mwenzake sentimita 2 mpaka 3. Hapo ndo wengi mnaharibu, mna vichwa nane mnavipanda kwenye shimo moja ili kionekane kichaka leo leo. Kichaka kitakuja chenyewe. Ukipanda kwa fungu umetengeneza tena kile kikopo, ila kikubwa.

Chini kabisa ya chungu weka vidonge vya mbolea ya mizizi, kimoja au viwili kutegemea ukubwa, alafu udongo. Kama unapata ule udongo wa akwariamu wa chembechembe ngumu ni mzuri sana, mizizi inaushika haraka na unahifadhi virutubisho. Angalizo ni kwamba baadhi ya udongo huo ukiwa mpya unatoa amonia, sumu kwa samaki, wiki za mwanzo, kwenye tangi lenye samaki chungu kimoja kidogo kinavumilika ila badilisha maji mara kwa mara, na usishawishike kubadilisha sakafu nzima ya tangi siku moja na samaki wakiwa ndani. Kama hupati, changarawe safi ya punje za milimita 2 mpaka 3 pamoja na vidonge inatosha, ludwigia sio mmea wa madeko. Udongo wa bustani unawezekana ila usiwe umechanganywa samadi wala mbolea ya chumvichumvi, uchekeche, na juu yake lazima kofia ya changarawe ya sentimita 2 mpaka 3 usije ukageuza tangi kuwa matope.

Jambo dogo linalosahaulika: mwagilia chungu kikiwa bado nje mpaka udongo ushibe na mapovu yaishe, alafu panda ukiwa hapohapo nje, alafu kizamishe taratibu ukikiinamisha kidogo. Ukikizamisha kikavu hewa iliyoko ndani itatoka kwa kishindo, itabeba udongo na vipandikizi vyako vyote. Ukiwa unapanda nje kwa muda mrefu nyunyizia maji kwenye majani, haya majani yaliyokulia ndani ya maji ni laini sana, dakika chache za upepo mkavu yanasinyaa.

Kupanda kwenyewe shika kipandikizi kwa kibanio kirefu, mwisho wa chini kabisa, sukuma kwa kukilaza mshazari mpaka sentimita 3 au 4 ziingie, vifundo viwili vizikwe, alafu fungua kibanio kidogo na kitoe huku unakitikisatikisa pembeni. Ukikitoa wima kinatoka na mmea.

Na chini je? Sufi toa yote, hiyo haina mjadala. Imebeba mbolea ya kitaluni, inashika uchafu, na nyuzi zake zinawasha ngozi kwaiyo ichane ikiwa imelowa ndani ya ndoo, usiichane kavu. Kama mashina yalifungwa na kile kipande laini cha madini ya risasi pia toa, kinabana shina na panapobanwa panaoza. Mashina meusi yaliyolegea tupa. Lakini ukiona kisiki bado kigumu kikiminywa, kijani au chekundu, usikitupe, ukipande nyuma ya vichwa. Hakina jani hata moja lakini kitachipua, na hiki ndo kitu nakipenda kuliko vyote kwenye mmea huu. Ile ncha ya juu ya shina inatengeneza homoni inaitwa oksini ambayo inazuia macho ya pembeni, yale machipukizi yaliyolala kwenye vifundo, yasiamke. Ukishaikata ncha, kizuizi kimeondoka, macho yanaamka. Na ludwigia ya aina ya repens majani yake yanakaa mawili mawili yakitazamana, kila jani lina jicho lake, kwaiyo kifundo kimoja kinaweza kukupa machipukizi mawili. Kisiki kimoja unapata matawi mawili, ukija kukata tena manne. Kichaka kinatengenezwa hivo, kwa mkasi.

Wiki mbili za mwanzo usiitegemee ifanye makubwa. Mizizi mipya huanza kushika ndani ya wiki moja hivi, wakati huo baadhi ya majani ya chini yatadondoka, yaokote usiyaache yaoze ndani. Taa ipunguze mpaka masaa 6 au 7 kwa siku, mmea ambao haujashika hauwezi kutumia mwanga mwingi na ule unaobaki mwani utautumia. Badilisha maji asilimia 30 mara mbili kwa wiki. Ukiona ncha mpya inanyooka na majani yanayozaliwa ni makubwa kidogo kuliko ya jana, imeshika, rudisha taa kwenye masaa 8 kwa siku. Kabla ya hapo usiing'oe kuangalia kama imeota mizizi, nakuomba sana, kila ukiing'oa unaanza upya.

SWALI: Mshauri salama? Mi nilishakata na kupanda vichwa 12, asubuhi naamka 9 vinaelea. Nimevirudisha mara tatu. Changarawe yangu ni punje kubwa kama maharage, na nina samaki wa dhahabu wawili. Nifanyaje, nimechoka. (Kaka aliyechoka kupanda)

JIBU: Salama kaka, pole. Umetaja sababu zote mbili mwenyewe. Mashina ya mimea ya majini ndani yana vijia vya hewa, ndo yanayoyasaidia yasimame wima ndani ya maji, kwaiyo hata bila samaki kipandikizi kisicho na mzizi kinataka kupanda juu muda wote. Punje kubwa kama maharage hazimbani, zinaacha nafasi katikati. Na samaki wa dhahabu kazi yao ya asili ni kuchimba chini kutafuta chakula, na majani laini wanakula pia, hutawafundisha kuacha.

Acha kuvirudisha. Viache vielee wiki moja mpaka mbili, kwenye kona ambayo filta haivipeperushi, vitaendelea kukua vizuri tu na vitatoa mizizi mirefu kwenye vifundo. Mizizi ikifika sentimita 4 au 5 panda kwenye chungu chenye changarawe ndogo ndogo, alafu juu pangilia mawe laini ya ukubwa wa yai kuzunguka mashina, mazito ya kutosha samaki asiyasogeze. Mashina yatakuwa yamepinda kidogo kwasababu yamekuwa yakifuata mwanga huko juu, usijali, ndani ya siku chache ncha zinajinyoosha zenyewe. Ila nikwambie ukweli kaka, na samaki wa dhahabu ludwigia itakuwa vita ya kila siku. Mimea yenye majani magumu kama anubiasi, uliyoifunga kwenye jiwe au gogo, itakupa raha zaidi kwenye tangi hilo, na ludwigia ukaipa tangi lake.

SWALI: Nimehamisha ludwigia yangu wiki tatu zilizopita, imeshika, inakua kwa kasi, lakini majani mapya ni ya kijani! Nilikuwa nayo nyekundu kabisa. Rafiki yangu ananiambia niongeze madini ya chuma, nimeongeza mara mbili ya kipimo, bado kijani na sasa vioo vina mwani. Udongo ndo mbaya? (Msomaji wa kijani)

JIBU: Udongo hauna kosa, na acha chuma kwanza.

Hili la chuma limezunguka sana miongoni mwetu na naelewa limetoka wapi, chuma kikikosekana majani mapya ya nchani yanakuwa meupe meupe, ukiongeza yanarudi na rangi, mtu anahitimisha kwamba chuma ni rangi nyekundu. Sivyo. Chuma kinahitajika mmea uweze kutengeneza klorofili, kile cha kijani. Kikishatosha kimetosha, kuongeza zaidi hakumwongezei mtu wekundu.

Wekundu wa ludwigia ni rangi inaitwa antosayanini, ileile inayofanya kabichi nyekundu iwe vile, na kazi yake mojawapo kwenye jani ni kama kivuli, inalikinga jani na mwanga uliozidi. Ndani ya jani jekundu kijani bado kipo, kimefunikwa tu. Sasa jiulize, mmea wako ulipokuwa mwekundu ulikuwa wapi? Juu ya maji, karibu na taa, sentimita chache tu. Umeukata ukaupanda chini, mwanga unaoufikia huko ni mdogo zaidi, hauna sababu ya kujikinga, unatengeneza kijani ili ukamate kile kidogo kilichopo. Subiri upande tena kuelekea juu na rangi itarudi. Kama unataka wekundu mpaka chini basi unahitaji taa yenye nguvu zaidi, sio ya masaa zaidi. Kuwasha taa dhaifu masaa 12 ni kulisha mwani.

Kitu cha pili ni naitreti, ile naitrojeni iliyomo kwenye maji inayotokana na uchafu wa samaki na chakula chao. Mmea ukipata naitrojeni tele unakimbilia kukua na kuwa kijani, ikipungua kidogo wekundu unazidi. Ukiwa na samaki wengi na unalisha sana naitreti yako inakuwa juu, pima, ukikuta 40 punguza kwa kubadilisha maji, wengi wanaopata nyekundu nzuri wanaishikilia kwenye 5 mpaka 10 hivi za miligramu kwa lita. Usiishushe mpaka sifuri kutafuta rangi, hapo unaua mmea kwa njaa, ncha zitadumaa na majani ya chini yatapukutika tena. Na kama una uwezo wa kuweka gesi ya kaboni dayoksaidi mmea unavumilia mwanga mkali zaidi bila shida, hapo ndo unaona ule wekundu wa kwenye picha, lakini ludwigia repens inaishi vizuri tu bila gesi, inakuwa ya rangi ya shaba na kijani, nyekundu upande wa chini wa jani. Mi naipenda hata hivyo.

Kwa hili la chuma ulilozidisha badilisha maji nusu leo, nusu tena baada ya siku tatu, na urudi kwenye kipimo cha kwenye chupa au hata nusu yake.

Na hakikisha kwanza ni ludwigia. Nakuuliza kwasababu mara nyingi mtu anapewa alternanthera, mmea mwingine mwekundu wa tangi, anaambiwa ludwigia. Alternanthera reineckii inakua polepole zaidi, majani yake ni mazito ya zambarau na waridi, na wekundu wake ni kitu kingine kabisa, betalaini, ndugu wa rangi ya kiazi chekundu kile cha bitiruti na mchicha mwekundu, haiyumbi sana kama hii. Ukiwa nayo hiyo kata mara chache, ukiipunguza kila wiki mbili kama ludwigia utaimaliza nguvu.

SWALI: Naomba msaada wa haraka. Nilihamisha mmea mwekundu mpya kutoka kwenye kikopo kwenda kwenye tangi la uduvi, niliosha kwenye bomba vizuri. Siku ya pili uduvi wameanza kufa, samaki wako salama. Ni mmea? (Mfuga uduvi)

JIBU: Pole sana, na ndio, mmea mpya ndo wa kwanza kushukiwa. Badilisha maji sasa hivi asilimia 50 yenye joto lilelile, utoe mmea uuweke kwenye ndoo, na kama unayo makaa ya filta yale yanayonyonya sumu yaweke. Kesho badilisha tena asilimia 30.

Mimea mingi ya vikopo inakuzwa nje ya maji kwenye vitalu, majani hewani na mizizi kwenye sufi yenye mbolea, na wakati mwingine inapuliziwa dawa za wadudu. Uduvi yuko karibu na wadudu kimaumbile kuliko samaki, dawa inayomuua mdudu inamuua na yeye kwa kiasi kidogo mno, ndo maana samaki wako hawajashtuka. Kuosha kwa bomba hakutoshi, dawa nyingine zinaingia ndani ya mmea. Safari ijayo mmea mpya ukae kwenye ndoo yake wiki moja mpaka mbili kabla ya kuonana na uduvi, penye mwanga, maji unabadilisha kila siku, sufi umeshaitupa siku ya kwanza. Njia salama zaidi ni kuchukua ile mimea ya maabara inayokuja kwenye kopo lililofungwa na jeli chini, ile inakuzwa bila wadudu wala dawa, haina mayai ya konokono pia, unaosha jeli yote kwa maji ya uvuguvugu unapanda.

Alafu usishtuke huo mmea ukidondosha karibu majani yote. Jani lililokulia hewani ni nene na limejengwa kwa ajili ya hewa, chini ya maji halifai, mmea unalivua na kutengeneza lingine jembamba. Inachukua wiki mbili mpaka nne. Kama ncha iko hai na shina ni gumu, mmea uko hai.

SWALI: Kila wiki mbili nakata ludwigia, nina ndoo imejaa vipande. Nyuma ya nyumba kuna kijito na kidimbwi, nikivitupa huko si vitaota vizuri na kupendezesha? (Mpenda mimea)

JIBU: Tafadhali usifanye hivo. Ni swali zuri na nimefurahi umeuliza kabla. Uzuri wote nilioueleza hapo juu, kwamba kipande chenye kifundo kimoja kinaota mizizi na kuwa mmea mzima, ndo hatari yake kwenye maji ya wazi. Ludwigia repens asili yake ni Amerika Kaskazini, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibiani, huko kuna vinavyoila na kuishindania nafasi, kwenye kijito chako inaweza isiwe na mpinzani. Ndugu zake wawili, Ludwigia grandiflora na Ludwigia peploides, zilifika Ulaya kama mapambo ya vidimbwi, zikafunika mito na maziwa kwa zulia zito mpaka maji ya chini yakakosa hewa, na tangu 2016 Umoja wa Ulaya umeziweka kwenye orodha ya mimea vamizi isiyoruhusiwa kuuzwa wala kufugwa. Gugu maji nalo lilitoka Amerika Kusini kwa sababu ya maua yake mazuri tu.

Vipande vyako vichague, vile vyenye ncha nzima mpe mwenzako mwenye tangi, vifunge kwenye karatasi iliyolowa ndani ya mfuko wa plastiki vinavumilia siku mbili tatu pasipo na jua. Vilivyobaki vianike juani juu ya kitu kikavu mpaka vivunjike kama majani ya chai, hapo unaweza kuvichanganya kwenye mboji ya bustani. Na maji ya ndoo yenye vipande vidogo vidogo yapitishe kwenye kitambaa kwanza, alafu mwagilia maua, yana naitreti maua yatayafurahia.